Mia mara elfu ni laki: uchambuzi wa kisa cha mwanafunzi mmoja na vipeo

Ninaandika kisa hiki kwa ajili ya walimu wenzangu wa hisabati, na kwa mzazi yeyote anayeketi na mtoto wake jioni kwenye daftari la aljebra. Jina la mwanafunzi, shule, mkoa na mwaka nimeviondoa. Mwanafunzi nimemwita Zawadi.

Usuli

Ni shule ya kata, kidato cha pili, wanafunzi 64 darasani na mwalimu mmoja wa hisabati ambaye ni mimi. Mwaka ulifunguliwa na mada ya vipeo na vipeuo. Baada yake inakuja aljebra yenye mabano na mitajo ya kipeo cha pili, kisha milinganyo, kisha logarithimu ambazo ni vipeo vilivyovaa nguo nyingine. Mtoto asipoielewa mada ya kwanza hulipia deni hilo mwaka mzima, na mwisho wa mwaka Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili unamsubiri.

Zawadi alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sekondari akakutana na hisabati ileile kwa Kiingereza. Ni mkimya. Daftari lake ni safi, mistari imepigwa kwa rula, tarehe imeandikwa kila siku. Mama yake ana genge, na Jumamosi Zawadi ndiye anayekaa hapo. Nilishawahi kupita nikamwona akirudisha chenji ya mafungu matatu ya nyanya, vitunguu na dagaa bila kalamu wala simu. Kwa hiyo alipoanza kupata alama mbili kati ya kumi, sikukubali kwamba huyu hajui hesabu.

Jaribio la kwanza

Wiki ya pili ya mada nilitoa maswali kumi. Haya ndiyo majibu ya Zawadi, kama alivyoyaandika:

3⁴ = 81
4x + 5x = 9x
x³ × x⁴ = x¹²
x² + x³ = x⁵
2a³ + 3a³ = 5a⁶
(3x)² = 3x²
Thamani ya 3x² ikiwa x = 2: 36
Thamani ya 20 − 2x² ikiwa x = 3: −16
(x + 3)² = x² + 9
5⁰ = 0

Mawili ya kwanza ni sahihi, mengine yote si sahihi. Nilipiga alama za kosa haraka haraka kama ninavyofanya nikiwa na rundo la madaftari 64 mbele yangu saa kumi jioni, nikaandika chini, "Ongeza juhudi." Ninaijutia ile sentensi. Ukiyatazama majibu haya polepole utaona kwamba mtoto alikuwa na juhudi ya kutosha, na kila jibu lina sababu yake.

Tazama lile la kwanza. Wenzake wengi waliandika 12, kwa sababu "tatu mara nne" imekaa midomoni mwetu sote, na tunapomwambia mtoto "tatu ijizidishe mara nne" masikio yake yanasikia hesabu ya jedwali. Zawadi hakuanguka hapo. Alijua kwamba 3⁴ ni 3 × 3 × 3 × 3. Alijua pia kwamba 4x na 5x ni 9x. Maana ya kipeo anayo, na kukusanya vitu vya aina moja anaweza. Kumbe vilimponyoka vinapokutana.

Uamuzi wa kwanza: kanuni saba ukutani

Nilifanya kile ambacho nilifanyiwa mimi. Nilichukua karatasi kubwa ya manila nikaandika kanuni saba za vipeo: za kuzidisha, kugawanya, kipeo juu ya kipeo, kipeo juu ya mabano yenye zao, kipeo juu ya sehemu, kipeo sifuri na kipeo hasi. Nikaibandika karibu na ubao. Kila kipindi kilianza kwa darasa kuzisoma kwa pamoja, kisha mazoezi thelathini.

Sababu zangu zilikuwa mbili. Muda ulikuwa mdogo, na karatasi moja huwafikia watoto 64 kwa mpigo. Pili, niliamini kwamba anayekosea kanuni ni yule ambaye hajaikariri.

Jaribio la pili Zawadi alipata 4. Nilifurahi, na furaha ile ilinichelewesha wiki nzima. Sasa x³ × x⁴ ilikuwa x⁷ na 5⁰ ilikuwa 1, kama karatasi inavyosema. Lakini x² + x³ ilibaki x⁵, na 2a³ + 3a³ ilibaki 5a⁶. Juu ya hapo kulizaliwa makosa ambayo mwanzo hayakuwepo: (x³)⁴ = x⁷, na 2³ × 2⁴ = 4⁷. Nilipomuuliza pale pale dawatini kwa nini x² + x³ ni x⁵, alinyoosha kidole ukutani: "Kanuni ya kwanza, mwalimu. Tunajumlisha vipeo."

Karatasi yangu ilikuwa imempa kosa lake cheti.

Siku aliyonieleza

Nilimwita baada ya vipindi. Niliamua mambo mawili kabla hajaingia. La kwanza, sitamfundisha kitu siku hiyo, nitamsikiliza tu. La pili, tutaongea Kiswahili, ingawa shuleni kwetu kuna utaratibu wa kuongea Kiingereza muda wote. Nilitaka kusikia mawazo yake kwa lugha ambayo mawazo hayo yanatembea.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Zawadi. Kaa. Sijakuita kwa kosa. Nataka unioneshe unavyofanya hili, unieleze kila hatua kama vile mimi ndiye sijui."

Nikamwandikia 3x², x ni 2.

Akaandika 3 × 2. "Tatu mara mbili, sita. Halafu kipeo cha pili, sita mara sita, thelathini na sita."

"Umeanza na tatu mara mbili. Kwa nini hukuanza na kipeo?"

Akanitazama kana kwamba ninamtega. "MAGAZIJUTO, mwalimu. Mabano hakuna. Kugawanya hakuna. Kuzidisha ipo, nikazidisha. Kipeo hakimo kwenye MAGAZIJUTO, kwa hiyo nakifanya mwisho."

Nimefundisha MAGAZIJUTO miaka mingi. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa: kila mtoto wa shule ya msingi Tanzania ameiimba. Sikuwahi kuketi nikajiuliza kipeo kinakaa wapi ndani yake. Hakina kiti. Katika shule ya msingi hilo halileti shida kubwa, kwa sababu kipeo cha pili hufundishwa kama somo lake peke yake, nacho hukaa juu ya namba moja tu. Sekondari kipeo kinaingia katikati ya mtajo wenye kuzidisha, kujumlisha na herufi, na mtoto mtiifu aliyeishika kanuni yake anakiweka mwisho wa foleni. Zawadi alikuwa anafuata nilichomfundisha.

Hapo nikayarudia majibu yake kichwani. Kama kipeo ni cha mwisho na kinafunika kipande kizima, basi kwake 3x² maana yake ni 3x yote ikijizidisha. Ndiyo maana (3x)² aliiandika 3x²: kwake ni kitu kilekile, mabano ni mapambo. Ndiyo maana 20 − 2x² ilitoka −16: mbili mara tatu ni sita, sita mara sita ni 36, ishirini toa 36. Majibu matatu niliyoyahesabu kama makosa matatu yalikuwa imani moja.

Nikamwuliza la pili. "Na x² + x³?"

"Ishara ni ya kujumlisha, kwa hiyo najumlisha juu. Ikiwa ni ya kuzidisha, nazidisha juu. Lakini sasa umesema ikiwa ni ya kuzidisha tunajumlisha, kwa hiyo zote ni kujumlisha."

Hii nayo ilikuwa imani kamili, yenye mantiki yake: ishara iliyopo katikati inaamuru chini na inaamuru juu. Karatasi ya manila ilibadilisha nusu yake tu. Na ile (x + 3)² = x² + 9 ilitoka kwangu pia: wiki chache nyuma nilimfundisha kwamba 2(x + 3) ni 2x + 6, "kilicho nje kinaingia kwa kila aliyemo ndani." Akakiingiza kipeo kwa kila aliyemo ndani.

Mia, elfu, laki

Nilikuwa nimeapa kutofundisha siku ile, na nilivunja kiapo mara moja. Nilikumbuka genge.

"Zawadi, mia mara elfu ni ngapi?"

"Laki." Hakupumua hata.

"Mia ukijumlisha na elfu?"

"Elfu moja na mia moja."

Nikaandika mia kama 10², elfu kama 10³, nikamwomba aniandikie laki. Akahesabu sifuri kwa ncha ya kalamu, tano, akaandika 10⁵. Kisha nikaliweka jaribio lake kando ya karatasi ile, bila neno. Alitazama x² + x³ = x⁵ kwa muda mrefu. Akasema polepole, "Kwa hiyo hapa nimesema mia na elfu zikikaa pamoja ni laki."

Mwalimu anayesoma hapa ajue kwamba sentensi ile ndiyo iliyobadilisha namna ninavyofundisha mada hii. Kiswahili kimetupa majina ya vipeo vya kumi hadi cha tano bila kuruka hata kimoja: kumi, mia, elfu, elfu kumi, laki. Watoto wetu wanavitumia kila siku kununua na kuuza. Mia mara elfu ni laki: hapo ndipo vipeo vinajumlishwa, 2 na 3 kuwa 5. Mia na elfu ni 1,100: hapo hakuna kipeo kinachoguswa, kila kimoja kinabaki na jina lake. Laki ukiigawa kwa elfu ni mia. Elfu ukiigawa kwa elfu ni moja, na hiyo ndiyo 10⁰, wala si sifuri.

Kuanzia siku iliyofuata niliiondoa karatasi ya kanuni ukutani. Kwa wiki mbili darasa halikuruhusiwa kutaja kanuni yoyote ya vipeo. Ziliruhusiwa kazi mbili tu.

Ya kwanza ni kutandaza. x³ × x⁴ unaiandika yote: x·x·x, kisha x·x·x·x, unahesabu, ni saba. (x³)⁴ ni mafungu manne, kila fungu lina x tatu, kumi na mbili. Neno fungu lilifanya kazi kubwa kwa watoto wa magenge. 2³ × 2⁴ ukiitandaza unaona mbili saba mfululizo. Hakuna nne hata moja mle ndani. 3x² ni 3·x·x, na (3x)² ni 3x·3x, yaani 9x².

Ya pili ni kupima kwa kumi. Kila jibu ulilopata, weka 10 badala ya x, pande zote mbili, uone kama zinalingana. (3x)² ni 30 × 30, 900. 3x² ni 300. Haziwezi kuwa kitu kimoja.

Kumi ina siri nyingine tuliyoifurahia sana. 3x² + 2x + 5 ukiweka kumi ni 325. Mtajo wa polinomia ni kama namba ya kawaida ambayo mamia, makumi na mamoja yake yameandikwa wazi, ila herufi imekaa mahali pa kumi. Mtoto aliyekaa darasa la tatu akipanga mamoja chini ya mamoja na makumi chini ya makumi tayari ameshajumlisha polinomia; kilichobadilika ni maandishi. Nilimwona kijana wa nyuma kabisa, ambaye huwa analala, akiinua kichwa kwa hili.

MAGAZIJUTO nayo tuliitengenezea kiti. Darasa ndilo lililochagua MAKIGAZIJUTO, KI ya kipeo, kwa umoja. Ukitumia wingi unapata mwanzo wa neno lisilofaa mbele za watu. Nikaongeza onyo ambalo nilipaswa kulitoa miaka yote: GA na ZI ni ndugu wa rika moja, JU na TO vilevile, na ndugu wa rika moja huenda kwa kufuata aliyetangulia kushoto. 10 − 3 + 2 ni 9. Anayekimbilia kujumlisha kwanza kwa sababu JU imetajwa kabla ya TO atapata 5.

Siku moja niliwasimulia pia kitu kidogo cha historia, kwa sababu kilifaa. Neno aljebra ni la Kiarabu, kutoka kichwa cha kitabu cha al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad karne ya 9. Yeye hakuwa na x² wala alama yoyote, aliandika kwa maneno, na namba isiyojulikana ikijizidisha yenyewe aliiita mal: ndilo neno letu mali. Wanahisabati walioandika kwa Kiarabu baada yake waliita kipeo cha tatu kaab, na kipeo cha tano wakakiita mal kaab, cha pili na cha tatu vikitajwa pamoja. Hata jina lenyewe lilikuwa linajumlisha vipeo. Namna yetu ya kuandika kipeo kwa namba ndogo juu ilienea baada ya Mfaransa Descartes kuitumia mwaka 1637. Watoto walicheka kwa furaha waliposikia kwamba x² ni mali.

Sakafu ya darasa

(x + 3)² ilikuwa ngumu kuliko zote, na kutandaza peke yake hakukutosha. Zawadi alitandaza vizuri, (x + 3)(x + 3), kisha akaandika x² + 9 palepale.

Tulisogeza madawati. Nilichora kwa chaki mraba mkubwa sakafuni wenye upande wa shibiri 13, nikakata kila upande kwenye shibiri ya kumi, nikapiga mistari. Vikatokea vipande vinne. Zawadi alikuwa na chaki, akaandika ndani ya kila kipande eneo lake: kikubwa 100, vyembamba viwili 30 na 30, kidogo cha pembeni 9.

"Jibu lako lilikuwa x² + 9. Simama juu yake."

Aliweka mguu mmoja kwenye 100 na mwingine kwenye 9. Alikuwa amesimama kona mbili za mbali, miguu imetanuka, na vile vipande viwili vyembamba vikiwa wazi pande zote mbili. Hakuna aliyemwambia kitu. Alichukua madaftari mawili, akaweka moja kwenye kila kipande kilichoachwa, akaenda ubaoni akaandika x² + 3x + 3x + 9, kisha x² + 6x + 9. Akapima kwa kumi bila kuambiwa: 13 × 13, 169. Mia moja, sitini, tisa.

Matokeo

Jaribio la tatu, wiki nne baada ya mazungumzo yetu, lilikuwa na maswali kumi: ya aina ileile pamoja na mawili mapya ambayo nitayataja. Zawadi alipata 8. Yale matatu ya imani moja (kipeo kufunika kipande kizima) alipata yote. x² + x³ aliiacha ilivyo na kuandika pembeni, kwa penseli, "haiunganiki." Darasani, waliounganisha x² na x³ walikuwa zaidi ya nusu mwanzoni, safari hii wangetosha kuhesabika kwa vidole vya mikono miwili.

Alitumia dakika 55 kwa jaribio la dakika 40. Nilimwachia muda, lakini Baraza la Mitihani halitamwachia.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kikubwa kuliko vyote ni kumsikiliza. Dakika zile ishirini zilinipa nilichokosa katika wiki tatu za kusahihisha. Alama ya kosa inaonesha jibu si sahihi, lakini haikuambii kwamba makosa matatu ni mti mmoja. Ukiujua mti, unakata shina. Nisingeujua, ningeendelea kupogoa majani kwa mazoezi thelathini kila siku.

Lugha nayo ilikuwa na uzito wake. Sisemi kwamba tuache kufundisha msamiati wa Kiingereza, maana mtihani unatumia huo. Ninachokiona ni kwamba Zawadi asingeweza kuniambia "kipeo hakimo kwenye MAGAZIJUTO" kwa Kiingereza, na bila sentensi hiyo mimi ningebaki gizani. Kwenye darasa la 64 huwezi kuketi na kila mmoja, kwa hiyo niliwapanga wawili wawili: mmoja anaeleza kwa Kiswahili, mwenzake anaandika kile tu anachoambiwa. Ninapita nikisikiliza. Kelele ni nyingi, lakini kila siku ninaondoka na jambo jipya.

Kuhusu kuanza na kumi, ninaamini ilifaa kwa sababu haikuwa mfano wa kubuni. Mtoto huyu ana uhakika na laki kuliko anavyokuwa na uhakika na chochote kitabuni. Alikuwa na chombo cha kujipima ambacho hakimhitaji mwalimu.

Uchambuzi: kilichoshindwa

Kabla sijafika kwenye kumi, nilijaribu siku mbili kuwafundisha kupima kwa 2, kwa sababu ni namba ndogo. Ni kosa langu kubwa katika kisa hiki. Mbili mara mbili ni nne, na mbili kipeo cha pili ni nne. Mwanafunzi aliyeandika x² = 2x alipima, akaona pande zinalingana, akapiga tiki mwenyewe kwa kujiamini. Namba 0 na 1 zinadanganya zaidi, kwa kuwa 1 ikijizidisha mara yoyote inabaki 1.

Kumi nayo ina mtego wake, na sikuuona hadi watoto waliponionesha. Msichana mmoja mwepesi sana aliandika 8x + 7x = x² + 5x. Alikuwa amebeba! Kumi na tano, andika tano beba moja, kama anavyofanya kwenye namba. Na ukipima kwa kumi inakubali: 150 na 150. Ilibidi tupime kwa 7: 15x ni 105, lakini x² + 5x ni 49 na 35, yaani 84. Kwenye namba, makumi kumi hugeuka mia. Kwenye mtajo, x haijulikani ni ngapi, kwa hiyo hatuna ruhusa ya kubeba. Nilipaswa kulisema hilo siku ileile niliyoonesha 325.

Na Zawadi mwenyewe alikosea swali jipya la herufi mbili, 3a²b + 2ab². Aliweka kumi kila mahali, akapata 3,000 na 2,000, jumla 5,000, akaandika 5a²b, akapima, ikakubali. Herufi mbili zikipewa namba moja zinafanana hata kama si za jamii moja. Siku hizi kwa herufi mbili tunatumia namba mbili: a ni 10, b ni 3. Upande wa kushoto unatoa 900 na 180, jumla 1,080, na 5a²b inatoa 1,500. Alipoona tofauti ile alifuta jibu lake mwenyewe.

Kuhusu muda sina jibu zuri. Wiki mbili bila kanuni zilituacha nyuma ya ratiba, na mkuu wa idara alinihoji kwa haki. Ningerudia tena ningefupisha: siku nne za kutandaza, kisha kila kanuni irudi ukutani ikiandikwa na mwanafunzi aliyeigundua, si mimi. Tulipozirudisha hivyo, mwishoni kabisa, zilikaa vichwani. Mwendo wa Zawadi utaongezeka atakapoziamini kanuni bila kutandaza kila mara, na hilo linataka mazoezi ambayo mwanzoni niliyatoa kabla ya wakati wake.

Kilichobaki

Swali jingine jipya lilikuwa 2⁻³. Zawadi aliandika −8. Kwake alama ya kutoa iliyo juu inashuka chini na kukaa mbele ya jibu, na kumi haikumsaidia hapa kwa sababu gengeni hakuna bei ndogo kuliko moja.

Tumeanza ngazi nyingine. Aliandika 16, 8, 4, 2 kwa kushuka, vipeo vikiwa 4, 3, 2, 1, na nikamwuliza kila hatua anafanya nini. "Nagawa kwa mbili." Kipeo kikafika 0, akaandika 1 bila kusita. Kipeo kikafika −1, akasimama, akagawa moja kwa mbili, akasema, "Nusu." Kwa −2 akasema, "Robo." Kwa −3 alinyamaza, ndipo nikampa neno ambalo hakuwa analijua, thumni, sehemu moja ya nane, ambalo wazee waliita hata sarafu ya senti hamsini. Akaliandika mwisho wa ngazi, chini ya robo, na pembeni yake 2⁻³.